Goulven na Mwani wa Jikoni

Zamani, ukitaka kumkasirisha shemeji yangu Goulven Abhervé, swali moja tu lilitosha: leo umevuna wapi? Alishusha kikombe mezani taratibu, akafuta masharubu, kisha akakutajia mahali ambapo hakuwa ametia nanga tangu mwaka juzi. Wewe ulijua anakudanganya, yeye alijua kwamba unajua, na mimi nyuma ya kaunta ya mkahawa wangu niliwamiminia kahawa nyingine mkaendelea na soga. Hapa Porz-Melen hiyo ndiyo adabu. Mvunaji wa mwani haulizwi alikovuna, na akiulizwa hasemi kweli. Nadhani hata padri wetu, ambaye ni mtoto wa hapa hapa, halihesabu tena jambo hilo kuwa dhambi.

Goulven alimwoa dada yangu Fantig. Fantig alifariki kwa saratani, binti yao Rozenn akiwa bado shuleni, na tangu hapo baba na mtoto walikula kwangu kila Jumapili. Bila chapati zangu za ngano nyeusi wangeishi kwa mikate ya dukani. Goulven ni mtu wa maneno machache, mabega mapana, mgongo ulioharibiwa na kazi. Simsimulii kwa sababu ni mtu mkubwa. Namsimulia kwa sababu nina hasira naye mpaka leo, na namhurumia vile vile, na sijui nianze na lipi.

Mwani tunaouvuna tunauita tali. Ni wa kahawia, mpana, umechanika kama vidole vya mkono. Kuanzia Mei mashua hutoka na skubidu, ile kulabu ya chuma inayoshuka majini na kuzunguka, ikisokota mwani kama uma unavyosokota tambi, kisha ikaung'oa mwambani. Kiwandani wanaukamua ute unaotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Kila familia ina miamba yake. Hakuna hati, hakuna uzio, ila kila mtu anajua pa kwake na anakwepa pa mwenzake.

Familia ya Goulven ilikuwa na mahali panapoitwa Ar Gegin, yaani jikoni. Jina lilitoka kwa bibi yake, aliyesema kwamba hapo hawajawahi kurudi na chungu kitupu. Jina tulilijua sote. Mahali penyewe hakupajua mtu. Vijana walishaanza kusema hapapo kabisa, ni hadithi tu ya akina Abhervé ya kujipa ukubwa. Goulven hakutumia mitambo kufika huko. Alitazama nchi kavu, akapanga mnara wa kanisa na bomba la kiwanda cha zamani cha dagaa, akajua yupo. Alama hizo alipewa na baba yake siku mzee alipotundika mabuti, baharini, juu ya mwamba wenyewe, na baba yake alipewa hivyo hivyo. Mtoto mmoja, mara moja, siku ya mwisho ya kazi. Kabla ya siku hiyo husemi, hata ukiulizwa na mkeo kitandani. Dada yangu alimuuliza, na hakuambiwa.

Rozenn hakutaka kazi ya skubidu. Alisoma mambo ya bahari Brest, akapata kazi nzuri ofisini, kisha akaiacha, akarudi na wazo lake: kulima mwani kwenye kamba ndani ya ghuba, badala ya kuung'oa mwambani. Wanaume walimcheka hapa kwangu mpaka wakachoka. Lakini alikuwa sahihi. Tali ya mwambani ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka, maana bahari yetu imeingia joto, na tali haipendi joto. Shida ni kwamba hata ile ya kambani haikupenda. Ilikua vizuri wakati wa baridi, halafu Juni ilipofika, kabla haijanenepa vya kutosha kuuzwa, majani yalipauka, yakalainika, yakaanguka chini yenyewe. Nilimwona Rozenn siku moja amekaa kwenye ukingo wa gati, kamba mapajani, anabandua vipande vilivyooza kimoja kimoja.

"Ma'mdogo," akaniambia, "nikipata Juni nyingine mbili kama hii, nafunga. Siwezi kulima supu."

Basi ndipo alipokuja Clothilde Marchal, kutoka kituo cha utafiti ng'ambo ya ghuba. Rozenn ndiye aliyemwita. Alikuwa mzaliwa wa Nancy, mbali kabisa na bahari, mama mwembamba mwenye sauti ya upole na buti mpya. Ilikuwa Septemba, wakati tali ya mwambani inapokomaa na kutoa mbegu. Alisimama katikati ya mkahawa wangu akawaeleza wavunaji shida yake.

"Jamani, mimi sitaki siri zenu," alisema. "Nataka majani tu. Kila mmoja aniletee machache yaliyokomaa, na aniambie yametoka wapi."

Biel Kerdoncuff alipasuka kicheko, karibu amwage kinywaji chake. Biel alikuwa rafiki wa Goulven tangu utoto, na mshindani wake tangu siku hiyo hiyo. "Haki ya Mungu! Hataki siri zetu, anataka tu kujua tunakovunia!"

"Mwambie ya kwako yametoka bafuni," mmoja akadakia.

Clothilde naye akacheka. Kisha akaeleza, bila kujitia ukubwa. Kila mwani una vinasaba vyake, alisema, na kituoni kwao wanaweza kuisoma jenomu yote ya jani moja, herufi kwa herufi, kama mtu anavyosoma kitabu. Wakisoma majani ya pwani nzima na kuyalinganisha, wataona ni vinasaba gani vinaufanya mwani mmoja uvumilie joto na unenepe wakati mwenzake anaoza. Hapo hawatakisia tena wala kusubiri miaka. Watachagua wazazi wangali wadogo chupani, watawaoza mume kwa mke, na Rozenn atapewa mbegu.

"Kumbe wewe ni mshenga wa mwani," Biel akasema.

"Ndiyo, ila mshenga anayepima damu kwanza."

Walimpenda kwa jibu hilo. Hata Goulven alitabasamu. Kesho yake alikuja na mfuko wenye majani manne, la kwanza limekomaa kweli, yale mengine bado. Hakuleta takataka. Alikuwa ametoka alfajiri mpaka Ar Gegin, akachagua kwa mkono wake kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo, kwa ajili ya binti yake. Hilo silisahau ninapomkasirikia.

"Yametoka wapi, bwana Goulven?" Clothilde akauliza, kalamu mkononi.

"Nyuma ya Enez-Du," akajibu Goulven, bila kupepesa macho.

Enez-Du ni kile kisiwa cheusi mbele ya bandari, na nyuma yake ni miamba ya Biel. Goulven alikitaja kila mara, kwa kumtania Biel, na Biel alimrudishia kwa kutaja bustani ya Goulven. Mtu wa hapa angelisikia jina hilo akacheka. Clothilde aliliandika kwenye mfuko kwa wino usiofutika.

Majira ya kuchipua alirudi mbio, bila hata kuvua koti. Alisema jani la Goulven lilikuwa peke yake katika pwani nzima. Vinasaba vyake vilikuwa na kitu ambacho majani mengine yote hayakuwa nacho. Waliwapika watoto wa jani lile kwenye matangi ya maji moto, wenzao wakafa, wao wakanenepa. Kitu kimoja tu hakikumwingia akilini: nyuma ya Enez-Du mkondo ni wa baridi sana, sasa mwani wa huko umejifunzia wapi joto?

"Bahari ina mambo yake," Goulven akasema, akaomba kahawa.

Sasa ninajua jibu, na ni rahisi. Ar Gegin ni bakuli la mawe. Maji yakipwa yanabaki humo yametuama, jua linayachemsha mchana kutwa, kisha yanajaa tena. Tali iliyokaa humo tangu enzi za mababu ni ile iliyoweza kuvumilia. Hakuna mvunaji ambaye angetafuta tali nzuri mahali pa moto namna hiyo, ndiyo maana siri ilidumu.

Mbegu zile zikapandwa kambani Novemba. Mwaka uliofuata, Juni, nilikwenda gatini nikiwa nimeshajiandaa kumfariji mtoto wa dada yangu. Nikakuta winchi yake imegoma. Kamba ilikuwa nzito mno. Wanaume wanne waliivuta kwa mikono, ikatoka majini ikiwa na tali nene, ya kahawia iliyoiva, inang'aa, ndefu kumzidi Rozenn mwenyewe. Rozenn alicheka na kulia kwa pamoja. Goulven alilishika jani moja, akalipitisha baina ya vidole, akalinusa. Machozi yalimlengalenga. Alilitambua, bila shaka. Angesema siku ile, mbele ya furaha ile, nani angemlaumu? Tungemcheka mwaka mzima, yakaisha.

Hakusema.

Tatizo lilianza na mbegu za mwaka wa pili. Clothilde alikuja kwangu na Rozenn, akachukua vipande vya sukari, akavipanga kwenye kaunta ili anieleweshe na mimi.

"Mbegu zetu zote ni za jani lile moja lililokomaa, mama Soaz. Ni ndugu wa tumbo moja. Nimewaoza ndugu kwa ndugu kwa sababu sina wengine, na watoto wanatoka dhaifu. Majani yanakua, lakini mashina hayashiki kamba."

"Si uwaoze na mwani wa kwingine?"

"Nimejaribu. Ule uvumilivu lazima urithiwe kwa baba na kwa mama. Ukitoka upande mmoja tu, Juni wanaoza kama wengine." Akavirudisha vipande vya sukari bakulini. "Nahitaji majani mengine kutoka mahali pale pale. Mengi, ya koo tofauti."

Alipiga mbizi nyuma ya Enez-Du vuli yote. Alileta majani, akasoma jenomu zake, akakuta mwani wa kawaida wa maji baridi. Mtu mwingine angeshuku. Yeye aliamini neno la baba wa rafiki yake, akafikia hitimisho ambalo mtu mwaminifu angefikia: mwani ule wa ajabu umebaki mchache sana, umejificha kati ya mingine, na skubidu inaumaliza. Akapeleka ombi kwa kamati ya wavunaji kwamba miamba yote ya nyuma ya Enez-Du ifungwe mpaka upatikane.

Kikao kilifanyika Januari, ukumbi wa kijiji, madirisha yamejaa mvuke. Nilikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyeleta kahawa. Rozenn alizungumza vizuri. Kisha Biel akasimama, na hakuwa anacheka.

"Mimi ninavuna pale tangu nina nywele," alisema. "Baba yangu kafia pale. Sijawahi kumwona Goulven nyuma ya Enez-Du, si kwa skubidu, si kwa ndoano ya samaki. Goulven, ndugu yangu, tumetaniana maisha yetu yote. Leo si utani. Leo wananifungia mlango wa nyumba. Hayo majani uliyatoa wapi?"

Clothilde aliinua kichwa, na nikaona wasiwasi unaanza kumwingia. "Bwana Goulven?" akasema. "Ni kweli yametoka Enez-Du?"

Goulven alimtazama Biel. Nilimjua shemeji yangu, nikaona shingo inavyokuwa nyekundu. Kama binti yake angemuuliza peke yake, jikoni kwangu, labda. Lakini ameulizwa na Biel, mbele ya wavunaji wote, swali lile lile ambalo akina Abhervé hawajalijibu tangu wajue kushika kasia. Na angesema kweli, Ar Gegin ndiyo ingefungwa, na jina lake lingebandikwa kwenye ramani ya kila mtu.

"Enez-Du," akasema. "Hukuniona kwa sababu ulikuwa kwenye harusi ya mpwa wako."

"Apa."

"Naapa."

"Kwa kaburi la Fantig?"

Nilitamani kumrushia birika. Dada yangu aliingiaje humo? Goulven akainua mkono. "Kwa kaburi la Fantig."

Biel akakaa. Miamba ya Enez-Du ikafungwa jioni hiyo kwa kura.

Sasa sikiliza alivyofikiri Goulven, maana baadaye aliniambia mwenyewe. Alijua Rozenn anahitaji majani. Akaamua kwamba majira yale hataigusa Ar Gegin hata kidogo. Ataiacha ipumzike, inenepe, na Septemba mbegu zikikomaa atatundika mabuti. Atampeleka Rozenn kama alivyopelekwa yeye, atampa alama, na Rozenn atajichukulia majani mangapi apendavyo, na kumwambia Clothilde chochote apendacho. Hivyo hatakuwa amevunja desturi, wala hatakuwa amemnyima mtoto. Biel atarudishiwa miamba yake mwaka ujao. Kila mtu atapata chake, na yeye hatalazimika kusema mbele ya ukumbi kwamba aliapa uongo kwa kaburi la mkewe. Alilipanga vizuri kabisa.

Mei alikwenda mara moja tu kuiangalia. Ilikuwa imejaa. Akageuza mashua, akaenda kuvuna miamba mibovu ya kaskazini ambayo hakuna anayeitaka, na kila jioni alirudi na shehena ya aibu, vijana wakamuuliza kama anavuna kwa uma wa mezani. Alivumilia.

Rozenn naye Juni ile alivuta kamba zikiwa karibu tupu. Mashina dhaifu yalikuwa yameachia, tali imezama. Alikuja kwangu akaweka funguo za mashua mezani.

"Nimeshindwa, baba," alimwambia Goulven, aliyekuwa kwenye kona yake. "Nafunga."

"Subiri mpaka Septemba."

"Septemba kuna nini?"

"We subiri tu, mwanangu."

"Kila siku subiri! Unajua kitu wewe? Kama unajua kitu niambie sasa hivi."

"Septemba," akasema. Rozenn akachukua funguo zake akatoka bila kuaga. Lakini alisubiri. Sijui kama ilikuwa imani au uchovu.

Kiangazi hicho kilikuwa cha moto ambao hatujawahi kuuona. Watu walioga baharini mpaka jioni, wazee kwa watoto, na wavunaji walikunja uso kwa sababu tali ilikuwa inapauka kila mahali. Ila mashua ya Biel. Mashua ya Biel ilirudi kila siku imezama mpaka ukingoni, imejaa tali nene, karibu nyeusi, yenye afya. Nilimwona Goulven akiitazama kutoka mlangoni kwangu. Alishuka gatini. Alisimama mbele ya ile shehena, rangi imemtoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nilimsikia akiuliza.

"Umevuna wapi leo, Biel?"

Biel alikuwa anaosha sitaha. Hakuinua hata kichwa. "Bustanini kwako, Goulven. Nyuma ya vitunguu."

Vijana wakacheka. Goulven alibaki amesimama. Alitaka kuendelea, nililiona neno mdomoni mwake, lakini angesema nini? Hapa mtu akikujibu hivyo umejibiwa. Angekwenda Ar Gegin kutazama, angeonekana na wote kwamba ana pa kutazama. Alirudi kwenye kona yake akajiambia kwamba haiwezekani, Biel amepata mwamba mwingine. Watu huamini wanachokihitaji.

Septemba, kwenye bamvua kubwa, bahari inapokimbia mpaka unafikiri haitarudi, Goulven alivaa koti lake jipya. Alimchukua Rozenn, na kwa ombi la Rozenn akamchukua Clothilde pia na mifuko yake. Mimi nilipanda kwa sababu nilikuwa sijawahi kualikwa popote na mtu huyu, na nilitaka kumwona akitundika hayo mabuti. Njiani akamwambia binti yake kila kitu, kwa sentensi fupi, macho mbele. Kwamba si Enez-Du. Kwamba haikuwahi kuwa Enez-Du. Clothilde aliyasikia yote. Alikaa juu ya mifuko yake akayatazama maji, na midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Miezi yote ile," akasema polepole. "Nilikuwa napiga mbizi kwenye utani."

Rozenn alikuwa akimtazama baba yake kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Tazama," Goulven akamwambia, akazima injini. Sauti yake ilikuwa ya sherehe, maskini. "Mnara wa kanisa juu ya bomba la kiwanda cha dagaa. Pembe ya mnara wa taa inaligusa lile jiwe jeupe, haiingii. Umeona? Basi upo Jikoni. Ni pako."

Akashusha ndoo yenye kioo chini, ile tunayotazamia majini, akampa Rozenn aangalie wa kwanza. Rozenn aliinama juu yake kwa muda mrefu. Kisha akaisukuma ndoo kwa baba yake, akakaa chini.

Niliangalia na mimi baadaye. Mwamba ulikuwa mtupu. Ulikuwa umechanwa, mistari mistari, pale skubidu ilipopita na kupita tena. Vitali vidogo ambavyo kulabu huviacha vilikuwa vimebaki bila kivuli cha wakubwa, na jua la kiangazi kile liliviua, vikaning'inia vyeupe. Katikati yake lilikwishaanza kuota lile gugu la mashina ya magamba, linalokua upesi na kufa upesi, ambalo hakuna kiwanda kinachonunua. Clothilde aliingia majini na kuzunguka bakuli lote mpaka maji yakaanza kujaa. Alirudi na mfuko mmoja wenye majani matatu yaliyooza nusu, yasiyo na mbegu.

Biel alikuwa gatini tuliporudi. Goulven aliruka kabla mashua haijafungwa, pamoja na mgongo wake mbovu, akamkamata kola.

"Umeimaliza! Mbwa wewe, umeimaliza yote!"

"Nilikufuata Mei," Biel akasema. Hakujitetea wala hakumtoa mikono. "Ulinifungia miamba yangu, nikakufuata. Nikakuona umekaa pale, umetazama, umeondoka. Nikajua hupataki."

"Ulijua ule ni mwani gani!"

"Mimi?" Biel alimtazama machoni, na sikuwahi kumwona mtu mwenye huzuni na ukatili kwa wakati mmoja namna hiyo. "Mwani wa mtoto wako ni wa Enez-Du. Uliapa mbele yetu sote, kwa kaburi la mkeo. Mimi nimevuna tali ya kawaida tu, Goulven. Ungeniambia ni ile, haki ya Mungu, nisingegusa hata jani."

Goulven aliachia kola. Nadhani Biel alisema kweli, na hilo ndilo baya zaidi.

Rozenn aliuza kamba zake kwa mtu wa kusini anayefuga kome. Sasa anafanya kazi kwenye ghala la kufungasha koliflawa, upande wa Saint-Pol, na Jumapili haji kwangu kama baba yake yupo, anakuja Jumatatu. Clothilde bado ana chupa zake za wale ndugu wa tumbo moja, kwenye chumba chenye taa nyekundu, wazima lakini hawana wa kuoana naye. Aliniambia jenomu ya jani lile imehifadhiwa yote kwenye kompyuta, haikukosekana hata herufi. Anaweza kunionyesha ni wapi hasa palipo na uvumilivu ule. Nikamuuliza kama anaweza kuupanda. Akaomba kahawa.

Na Goulven yupo kwenye kona yake, kila asubuhi. Mabuti yamening'inia kwake. Hakuna anayemuuliza chochote tena, kwa hiyo anaanza mwenyewe. Anamshika mkono kijana aliyekuja kununua sigara, anamshika mtalii, juzi alimshika mtu wa kuleta bia. Anachora kwa kidole kwenye meza yangu. Mnara wa kanisa juu ya bomba la kiwanda cha dagaa, anasema, na pembe ya mnara wa taa iguse lile jiwe jeupe, isiingie, sikiliza vizuri, isiingie. Wanaitikia kwa kichwa, wanasubiri awaachie mkono. Yeye anarudia tangu mwanzo, sawasawa kabisa, na safari hii hadanganyi.